Uzi Mwekundu wa Mama Saturnina

Siku ya ukaguzi, wanawake wa kijiji cha Wayllapata humwogopa Delfina kuliko wanavyomwogopa padri. Padri ukimweleza dhambi zako anakusamehe. Delfina hana msamaha, ana limau.

Kazi yenyewe hata mtoto anaiweza. Chama cha wafumaji, ambacho Delfina ndiye mkaguzi wake, kimewaahidi wanunuzi kwamba rangi zake zote zinatoka shambani na mlimani, na kwamba nyekundu yake inatoka kwa wadudu wanaoishi kwenye mmea wa miiba uitwao mpungate, wale ambao ukiwasaga unapata rangi kama damu. Uzi wa wadudu ukiudondoshea limau, papo hapo unageuka kuwa rangi ya chungwa. Uzi wa rangi ya dukani unabaki mwekundu vilevile, unakutazama kwa macho makavu. Kila fungu la uzi huletwa likiwa na namba tu, majina yamo kwenye daftari la mwenyekiti, ili mkaguzi asimpendelee mtu.

Asubuhi hiyo Delfina alikuwa amefika fungu la kumi na saba. Akakamua tone, akangoja. Akakamua la pili. Uzi ukabaki mwekundu.

Namba haikuficha kitu. Uzi ule mwembamba, wenye msokoto wa kukaza usio na kifundo hata kimoja, aliujua tangu enzi za kubebwa mgongoni na huyo aliyeusokota. Ulikuwa wa mama yake.

Alichofanya kwanza ni kutazama mlango. Tusimcheke, sote tungetazama mlango. Kikapu cha nyuzi zilizokwisha kupita kilikuwa pale pale miguuni pake, na kulitupia humo fungu moja zaidi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kilichomzuia hakikuwa utakatifu. Kilikuwa Hermelinda. Mwaka jana Hermelinda, mjane mwenye watoto wawili, alikamatwa kwa kosa hilihili, na Delfina ndiye aliyesimama mkutanoni akadai adhabu nzima: mwaka mmoja bila kuuza chochote kupitia chama. Hermelinda alifunga mlango wake akachukua watoto, akaenda mjini kufua nguo. Alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi, na alasiri hiyo naye angekuwepo mkutanoni.

Delfina akalifunga fungu kwenye shali yake, akaenda nyumbani kula.

Mama Saturnina alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi vya kuchemsha kwa kupapasa.

"Umechelewa," akasema. "Viazi vimepoa, mimi ndiyo kwanza nimepata moto."

"Mama, hii nyekundu umeitia nini?"

Mama yake hakuuliza nyekundu ipi. "Limau lako limekwisha kusema, mimi niongeze nini?"

"Wewe, mama? Wewe uliyenifundisha kusaga wadudu kabla sijajua kusoma?"

"Usinipigie kelele. Hapa mimi si mwanachama wako, mimi ni mama yako." Akaweka kiazi chini. "Sioni, mwanangu. Tangu kabla ya mvua. Nikichemsha wadudu sijui nimepata nyekundu au nimepata maji ya waridi. Rangi ya pakiti haitaki macho. Unatia, inachemka, inakuwa nyekundu upende usipende."

"Mbona hukuniambia?"

"Nafasi ulikuwa nayo lini? Una nyuzi za watu thelathini za kukagua."

Delfina akamtazama usoni. Mboni zote mbili zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe, utando wa kuonekana tangu mlangoni, na yeye alikuwa akila mbele ya macho hayo kila siku. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na haikuwa aibu ya mkaguzi, ilikuwa ya mtoto.

"Nitalipitisha," akasema ghafla. "Nitasema limegeuka rangi. Nani atabisha?"

"Thubutu! Na Hermelinda je? Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Yeye ulimuuliza kilichomsibu kabla ya kumtia adabu?"

Delfina hakuwa amemuuliza.

"Nilikosea, sikatai," mama yake akasema. "Lakini usinifanye nikosee mara mbili. Kula, kisha unishike mkono twende. Njia ina mawe."

Mkutano ulifanyika uani kwa Gregoria, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti nene na moyo laini. Delfina alisoma matokeo mfululizo mpaka akafika kumi na saba.

"Halikupita. Ni rangi ya dukani."

Gregoria akafungua daftari. Kidole kikashuka, kikasimama. Akalifunga daftari taratibu.

"Huenda limau lilikuwa bovu," akasema.

"Limau ni zima."

"Aa, malimau ya msimu huu! Hata kwenye supu huyasikii."

"Kweli kabisa," mwingine akadakia, "baridi imeyaharibu." Mara uani kote kila mtu akawa bingwa wa malimau, maana uzi ule haukuhitaji daftari, wote walikwisha kuutambua.

"Ni la mama yangu," Delfina akasema. "Mwaka jana limau lilikuwa zima, leo limeoza vipi?"

Mama Saturnina akasimama kwa kushika bega la binti yake. "Langu ndiyo. Macho yamekwisha, lakini mkono ulijua unachofanya."

"Huyu ni mkubwa wetu," Gregoria akasema, "tena ndiye aliyetukusanya tukaanza chama. Tumpe onyo, yaishe." Mikono ikaanza kuinuka.

Hapo ndipo Hermelinda alipoinuka kule nyuma, na mikono yote ikashuka.

"Mimi nilipewa mwaka," akasema. "Nimeumaliza. Naye apewe mwaka, asipunguziwe hata siku."

"Una roho mbaya, wewe!" mtu akamrushia.

"Ningekuwa na roho mbaya ningenyamaza mumsamehe, halafu niwasimange mpaka kaburini. Nisikilizeni. Kukosa kuuza hakukuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunibishia hodi. Siku zote zile kabla sijaondoka, hakuna! Mama Saturnina hatakaa hivyo. Mjini nilikuwa nafua mashuka ya hospitali ya macho. Utando kama wake wanautoa. Nimeona wazee wakiingia wameshikwa mkono, wakatoka wanatembea wenyewe. Alhamisi nampeleka mimi, njia naijua."

Gregoria akajipangusa macho kwa ncha ya shali bila kujificha.

"Nitakwenda," Mama Saturnina akasema, "ila usinikimbize. Wewe una miguu ya mbuzi."

Wakacheka, kicheko cha watu waliotua mzigo. Kisha kura ikapigwa upya: mwaka mzima, na kila nyumba zamu yake ya kumtembelea. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Delfina. Na safari hii wakati wa kuadhibu hakuna aliyetazama chini.

Watu walipotawanyika, Delfina alimkuta Hermelinda nje ya lango akijifunga mzigo mgongoni.

"Dada Hermelinda. Mwaka jana sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Nisamehe. Nakuuliza leo. Ilikuwaje?"

Hermelinda akafungua fundo la shali, akautua mzigo chini.

"Keti basi," akasema. "Si hadithi fupi."

Delfina akaketi.