Bao Hata Moja

"Na bao, Hardy? Hata moja?"

Mama Médiatrice aliuliza swali hilo kila Jumamosi akisukwa. Alikuwa Mrundi mwenye kichwa kigumu na nywele ngumu zaidi, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa Félicité, mwenye saluni. Hardy, mdogo wake Félicité, alikaa mlangoni juu ya kreti la bia, mguu wa kulia umenyooshwa, na gotini pakiti ya sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa. Kwa mgongo wake aliuzuia mlango usijifunge. Upepo wa Point, mtaa wetu wa bandarini Durban, hauna adabu, ukiuacha mlango unaupiga puu! mpaka vioo vinalia.

"Hata moja, Mama."

"Miaka mitatu Amerika, unalipwa, na hukufunga hata bao la bahati mbaya?"

"Nilikuwa nazuia, Mama. Kazi yangu ilikuwa mutu asipite."

"Aa, golikipa."

"Si golikipa."

"Kama si golikipa na hufungi, uwanjani ulikuwa unafanya nini? Unalinda nyasi?"

Saluni nzima ikacheka. Hata MaDlamini, Mzulu anayeuza mahindi ya kuchemsha pale kwenye robot, taa za barabarani, ambaye Kiswahili anakisikia nusunusu na alikuwa kiti cha pili akingoja kumaliziwa kichwa, alicheka mpaka mabega yakatikisika. Félicité peke yake hakucheka.

"Mama, tuliza kichwa," alisema. "Na weye Hardy, ile sombe ni chakula ya kesho. Usiipike na goti."

Tusilaumiwe sana. Sisi watu wa Point mpira tunaujua, na mpira kwetu ni bao. Siku Hardy anaondoka, kanisa zima lilimsindikiza, na mchungaji akamwekea mikono kichwani akaomba Mungu ampe mabao mengi katika nchi ya ugenini. Hardy akaitika amina. Angefanyaje? Ungeanzia wapi kumrekebisha mchungaji mbele ya kina mama wanaolia? Kosa likaanzia pale. Tukangoja mabao. Aliporudi anachechemea, bila bao na bila timu, tukamhurumia kwa sauti kubwa, na huruma ya namna hiyo inachosha kuliko matusi.

Félicité ndiye aliyemleta Durban. Alitoka naye Uvira, Kongo, yeye msichana wa miaka kumi na mitano, Hardy mtoto mgongoni. Alimlea katika chumba kimoja hapahapa Point, akimlisha fufu mpaka akawa mkubwa kuliko mlango. Shuleni wakampa raga, kocha mmoja wa Amerika akamwona, na mengine yakafuata.

Kule walimweka kwenye mstari wa ulinzi. Mpira wao una umbo la papai, unalazwa chini katikati ya watu wakubwa waliotazamana pua kwa pua. Kabla papai halijainuliwa, hakuna ruhusa ya kuvuka. Kiongozi wa upande wa pili analijua hilo. Basi anapiga kelele za uongo, anabadilisha sauti, anakuchokoza, ili uruke kabla ya wakati. Ukiruka umekwisha. Wenzako wanaadhibiwa, maadui wanasogezwa mbele bure. Ndiyo maana mlinzi mzuri huziba masikio na kutazama mpira tu.

Katika mchezo wake wa mwisho, dakika za mwisho kabisa, goti likiwaka moto, Hardy alisikiliza ile sauti. Akaruka. Timu ikashindwa, na Jumanne akakuta kabati lake tupu, jina limebanduliwa. Walimwambia ni goti. Aliitika, lakini moyoni alijua, na wakati ule hakumsimulia hata mmoja wetu.

Sasa, tatizo la Jumamosi ile halikuwa bao. Kulikuwa na kundi linalozunguka mtaani kwetu likisema wageni wafunge maduka. Mbinu yao ilikuwa moja. Wanakuja na simu zimeinuliwa, wanatukana, wanasukuma, wanangoja mgeni aanze. Jumamosi iliyotangulia Pacifique wa duka la simu, jirani yetu, alishindwa kuvumilia, akamzaba mmoja wao kofi. Basi! Video ikazunguka kote, mgeni anapiga wenyeji. Kabla ya jioni duka lilikuwa limebaki misumari, na Pacifique yuko selo ya polisi. Wakati wa kuondoka waliuonyeshea kidole mlango wa Félicité: wiki ijayo, huu.

"Funga leo moja tu, yaya," Hardy alikuwa amemsihi dada yake asubuhi.

"Nilikimbia Uvira na weye mugongoni. Nilikimbia tena hapahapa Durban, wageni walipopigwa, tukalala kwenye hema kama mizigo. Mara ya tatu sikimbie. Wakivunja, wavunje nikiwa nasuka."

Hawakuchelewa. Walitokea upande wa bandarini, kumi hivi, wanaimba. Mbele yao jamaa wa koti la ngozi, mkononi nondo. Mtaa wote ukashusha mabati, garagaragara. Félicité akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Hardy akainuka, akaweka sombe juu ya kreti. Hakutoka nje. Alisimama ndani, vidole vya miguu nyuma kidogo ya ule ukingo wa bati unaotenga sakafu na barabara.

"Yaya, mutu asivuke hapa. Hata wakitukana nani."

"Na weye?"

"Mie niko kazini."

Wakaanza. Funga! Rudini kwenu, makwerekwere! Ndilo tusi lao kwa sisi wageni. Walimtukania mama, na mama yake amelala Uvira miaka mingi. Mmoja akatema mate karibu na kiatu chake. Hardy hakuzitazama nyuso zao. Alikuwa akitafuta papai lake, na akalipata: ncha ya ile nondo. Mpaka nondo ivuke ukingo, hakuna kilichoanza.

"Piga, bafo, ndugu yangu," alisema wa koti la ngozi, karibu kiasi cha kumnusa. "Mkubwa hivi, unaogopa?" Akatingisha bega kama anayeingia, akarudi. Akatingisha tena. Hardy karibu acheke. Kumbe ni uongo uleule wa uwanjani, wameutafsiri tu.

Ndipo mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Huyu si yule wa Amerika? Huko pia walimfukuza! Hakuna anayemtaka!"

Hapo neno liliingia. Liliingia mpaka kwenye mfupa. Kisigino chake cha kulia kikanyanyuka, na Félicité nyuma yake alikiona, akakishika kitana kwa mikono miwili. Hasira ilimpanda Hardy mpaka macho yakajaa maji. Angeweza kumvunja yule kijana, angeweza kuwavunja watatu, na dakika ileile saluni ingekuwa imekwisha. Kisigino kilitetemeka hewani.

Siruki, alijiambia. Haki ya Mungu, siruki. Mtaningoja mpaka Pasaka.

Kisigino kikashuka.

Aliyechoka kungoja akawa yule wa koti la ngozi. Alinyanyua nondo, akakilenga kioo kikubwa cha ukutani, akatia mguu ndani, na ncha ya nondo ikavuka ukingo.

Sisi tuliochungulia nyuma ya mabati hatukuwahi kumwona Hardy kazini. Siku ile tulimwona. Aliinama, bega likaingia chini ya mbavu, mikono ikafunga kiuno. Nondo ikaanguka sakafuni, na jamaa akajikuta anasafiri kinyumenyume, miguu inaogelea hewani, mpaka nje, ambako Hardy alimketisha barabarani kwa upole kama mtoto kwenye beseni. Hakupiga hata kofi. Akarudi anachechemea nyuma ya ukingo wake, akasimama palepale.

Simu zao zote zilikuwa zimerekodi, na hakuna aliyejua afanye nini na video ya namna hiyo. Dereva wa taxi moja akapiga honi, akacheka kwa kelele. Kundi likasogea mbele tena, na Hardy akahisi mtu ubavuni mwake. Alikuwa MaDlamini, upande mmoja wa kichwa umesukwa, mwingine umesimama wima, miguu yake nayo nyuma ya ukingo.

"Suka!" aliwafokea, yaani toka, si kusuka nywele, kisha akaendelea kwa Kizulu chake cha sokoni. "Kichwa changu kiko nusu. Nani atanimalizia, wewe? Mama yako anajua uko wapi?"

Mama Médiatrice akaja upande wa pili na taulo shingoni. Wateja wengine wawili wakafuata. Ukajaa ule mlango.

Wa koti la ngozi alijipangusa suruali. "Jumamosi tunarudi!"

"Karibuni," Félicité akajibu. "Tunafungua saa mbili."

Walipopinda kona, sisi tukatoka nyuma ya mabati, na Hardy akaketi. Goti lilikuwa limevimba kama mkate, na sombe imeyeyuka, maji yanachuruzika kwenye kreti.

"Hardy," Mama Médiatrice aliita.

"Mama."

Tulijua swali linalokuja. Hata yeye alijua, akainamisha kichwa kulingoja.

"Wamepita wangapi?"

Hardy akamtazama. Tangu arudi, hakuna mtu Durban nzima aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Hata mmoja, Mama."

"Eeh," alisema yule mama, akarudi kwenye kiti chake, akainamisha kichwa asukwe.

Upepo ukaja kutoka bandarini, mlango ukaanza kujivuta. Hardy akataka kuinuka auzuie, lakini Félicité akamsukuma bega chini. Aliiokota ile nondo sakafuni, akaipima uzito mkononi, akaisokomeza chini ya mlango kwa kisigino cha kandambili mpaka ikakaza. Kisha akachukua kitana chake, akaendelea kusuka, na mlango ukabaki wazi.