Majani ya Mzabibu kwenye Shali Nyeusi

Jirani yangu Zulmira amevaa nyeusi tupu tangu mumewe Abílio alipofariki, miaka kumi na minne sasa. Hapa Guimarães, Ureno, wajane wa rika letu ndivyo tulivyo. Lakini yeye alizidi: alisema kwenye harusi ya mjukuu wake Filipa atakaa benchi la mwisho, asimtie bibi harusi mkosi.

Jumanne Filipa akaja na shali nyeusi kwenye karakana ya mwanangu Telmo, ninakosaidia kuchapa vitambaa.

"Bibi Ermelinda, mchapie bibi yangu kitu humu. Nataka akae mbele na mama."

"Rangi hataki."

"Basi nyeusi juu ya nyeusi."

Nilichuma jani la mzabibu alioupanda Abílio mlangoni kwao, nikalichora, Telmo akalihamishia kwenye skrini, ule wavu wa kuchapia. Nikaijaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu, nikivuta wino mweusi juu ya wavu kwa kibao cha mpira. Majani yaling'aa kama lami.

"Mama, atafanana na barabara mpya," Telmo akacheka.

Tukachanganya wino mwingine, usio na mng'ao, nikachapa shali yenyewe. Ilipokauka nikaipiga pasi. Sikuona kitu. Nilikaa kwenye kiti, nikahisi nimemwangusha yule binti. Telmo aliichukua shali, akaipeleka dirishani na kuiinamisha kidogo. Majani yakajitokeza, moja baada ya jingine. Taa ya karakana ndiyo iliyonidanganya.

Zulmira alipokuja karakanani kuichukua, aliipapasa kwa vidole.

"Umenichorea nini, wewe kizee?"

"Nyeusi juu ya nyeusi. Hiyo nayo ni dhambi?"

"Mwongo." Akainua shali usoni. "Hili ni jani la mlangoni kwangu. Lile lililoliwa na mdudu pembeni."

Ni kweli, nililichora na tundu lake. Aliikunja polepole, akaondoka nayo bila kuahidi lolote.

Jumamosi nilimkuta kanisani, benchi la mwisho, shali mabegani. Nikakaa naye, nisimwache peke yake. Akawa anajitazama bega, anageuka huku, anageuka kule. Kisha akainuka.

"Unakwenda wapi, shoga?"

"Mbele. Huku nyuma kuna giza, majani ya Abílio hayaonekani."

Filipa alipoingia, bibi yake alikuwa benchi la kwanza, karibu na dirisha.