Baiskeli Isiyo na Mzigo

Nilikuwa nimelala chali nyuma ya friji ya chanjo, tochi mdomoni, nikikaza skrubu ya tatu kati ya nne, wakati Mama Ernestine alipoinama na kuniuliza kama nimeshaamua.

"Bado," nilisema, baada ya kutoa tochi. "Niko kwenye skrubu."

"Skrubu iko hapo hapo. Jua ndilo linaondoka, Papa Gédéon."

Alisema kweli. Uvira mlima umesimama nyuma ya mji, upande wa magharibi, na jua hujificha mapema. Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya Alhamisi, na kesho yake asubuhi gari langu la kurudi Bukavu lilikuwa linaondoka.

Mimi hutengeneza friji za vituo vya afya. Safari hii nilitumwa kwenye kituo kidogo cha mtaa wa Kasenga, ambacho Mama Ernestine ndiye muuguzi wake mkuu. Nilipewa siku nne, na juu ya gari nilifunga baiskeli yangu ya mlimani: matairi mapana yenye meno, springi za mbele, gia ishirini na moja. Mlima ilikuwa haijauona hata mmoja. Kwa miezi saba ilikuwa imesimama sebuleni kwetu, na mke wangu Noella alikuwa akianikia vitenge juu yake.

Noella amezaliwa Kiringye, kwenye tambarare ya Ruzizi, ambako baiskeli ni kitu cha kubebea muhogo. Asubuhi ya safari aliniambia, bila kukasirika hata kidogo:

"Kama hutashuka nayo mlima mbele ya kurudi, naipeleka kwa mchomea vyuma. Ataiwekea porte-bagage, itakuwa inanibebea muhogo mpaka kwenye mashini ya kusagia."

Porte-bagage ni kile chuma cha nyuma cha kufungia mizigo. Nilijaribu kuiona baiskeli yangu ikiwa imechomelewa kitu hicho, na sikuweza kumaliza chai. Lakini nilikubali, kwa sababu sikuona kosa katika maneno yake.

Jumatatu mvua ilinyesha. Jumanne niliamua kufikiri vizuri mahali pa kwenda. Jumatano nilifikiri.

Kwenye daftari langu nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, barabara ya kando ya ziwa kwenda kusini: nzuri, ila ni tambarare, na mtu hashuki tambarare. Ya pili, Mulenge: milima ya kweli, umbali haujulikani. Ya tatu, njia ya mashamba juu ya Kasenga: kupanda saa nzima, kushuka robo saa, hatari ya kuanguka ya wastani.

Niliacha skrubu ya nne juu ya friji, nikatoka na daftari. Kwenye lango alikaa Muzee Libérat, mlinzi wa kituo. Nilimuuliza kuhusu Mulenge.

"Mulenge iko karibu," alisema. "Ng'ombe wanatoka kule kwa miguu."

"Wanatumia muda gani?"

Alifikiri. "Siku mbili. Lakini ng'ombe hana haraka."

Nilikata njia ya pili. Muzee Libérat aliangalia kalamu ikipita, akasikitika kidogo, kisha akavuta mfuko kutoka chini ya benchi lake.

"Basi pita ya juu ya Kasenga. Chumvi hii ni ya ng'ombe wa shemeji yangu. Uiache kwa Mama Pélagie kule juu, watu wa Mulenge wanapitaga pale."

Mama Ernestine naye alikuwa ameshatoka na kuku chini ya kwapa. Mama Pélagie ni shangazi yake.

"Muzee," nilisema polepole, "mimi naenda kutembeza baiskeli tu. Sikupanga mzigo."

"Unataka kupanda na kinga tupu?" Kinga ndiyo baiskeli, kwa watu wa huku. "Weye, watu watakuuliza nani amekufa."

Nilidhani anatania. Niliona pia kwamba kila aliyenishauri njia alikuwa na kitu cha kupeleka kwenye njia hiyo. Sikuwalaumu. Nilifunga chumvi kwenye fremu, kuku nikamfunga mbele ya usukani, akiangalia njia.

Niliipanda baiskeli kwa dakika nne. Baadaye nilishuka nikaisukuma, kwa sababu gia ishirini na moja ni nyingi lakini mimi ni mmoja. Njiani watu walinisalimu vizuri. Hakuna aliyeniuliza lolote, ila mzee mmoja aliyetaka kujua porte-bagage yangu iliibwa wapi. Nilimjibu kwamba imetoka kiwandani hivyo. Alinipa pole.

Mama Pélagie nilimkuta akipepeta maharage mbele ya nyumba yake. Alipokea kuku, akapokea chumvi, akaninawisha mikono na kunipa viazi vitamu. Kutoka pale niliona paa za mji wote, ziwa, na Bujumbura ng'ambo. Nilimwomba anipige picha na simu yangu. Alipiga baiskeli yote na mimi kuanzia mabega kushuka chini.

"Kichwa hakipo, mama."

"Mke wako hakijui?"

Niliituma hivyo hivyo. Kisha nilikagua breki ya mbele, breki ya nyuma, nikavaa kofia ya plastiki, nikapanda. Saa ilikuwa kumi na nusu. Baiskeli ilikuwa nyepesi na tupu kabisa. Nikaachilia breki.

Nilishuka mita thelathini; najua kwa sababu baadaye nilizihesabu kwa hatua. Upepo uliingia ndani ya shati. Springi zilifanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Nilikuwa ninaanza kutabasamu nilipomwona mama mmoja shambani akitupa jembe chini na kushika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni nani?" alipaza sauti.

Nilifunga breki. "Nani nini, mama?"

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa unashuka mbio na kinga tupu kwa nini?"

Nyuma yake mwanamume mmoja alikuwa ameshavua kofia. Wengine walikuwa wanatoka kwenye migomba, mmoja akifunga kitenge upya kama mtu anayejiandaa kwa msiba. Ndipo nilipofahamu kwamba Muzee Libérat hakutania. Kwenye mlima ule kila baiskeli hupanda na mzigo na kushuka na mzigo. Inayokimbia bila kitu imebeba habari, na habari za kukimbiza ni za aina moja.

"Natembea tu," nilieleza. "Kwa kujifurahisha. Baada ya kazi."

Yule aliyevua kofia alinisogelea, akaniwekea mkono begani.

"Unaweza kutuambia, ndugu. Tumeshakaa sawa."

"Kweli hakuna."

"Ni mukubwa wa hapa? Ni Nkeshimana?"

"Nkeshimana ni minye," alisema mzee mmoja nyuma, akijigusa kifua kwa wasiwasi kidogo.

Mambo yaliokolewa na Mama Pélagie. Alishuka na gunia la viazi kichwani, akalilaza juu ya fremu yangu na kulifunga kwa kamba ya mgomba. Alifanya yote bila kuongea. Watu waliangalia gunia, wakaangalia baiskeli, na nikaona mabega yao yakishuka. Mama wa kwanza aliokota jembe lake.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba unapeleka viazi," alisema.

"Ni vya Ernestine," aliniambia Mama Pélagie. "Na minye mwenyewe nashuka, jino linaniuma. Twende."

Gunia lilifunika pedali zote mbili. Tulishuka kwa miguu, mimi nikishika usukani, yeye akivuta kiti kwa nyuma kila mlima ulipokuwa mkali. Lazima niseme alikuwa breki nzuri kuliko zangu.

Noella alipiga simu tulipofika lango la kituo.

"Nimeona picha," alisema. "Shati nimelitambua. Ulishuka nayo?"

Mimi sijui kumdanganya. "Mita thelathini nilikuwa juu yake. Zilizobaki nilikuwa pembeni yake, maana tuliibebesha gunia la viazi."

"Thelathini si mlima, Gédéon."

"Najua."

"Na hilo gunia mlilifunga wapi, kama porte-bagage haiko?"

"Juu ya fremu."

Aliguna, na mguno huo niliuogopa kuliko maneno, maana nilijua anapima muhogo kichwani. "Sawa," alisema. "Wewe rudi tu."

Niliingia ndani nikasoma kipimo cha friji. Nyuzi tisa. Friji ya chanjo inatakiwa kukaa kati ya mbili na nane, na yangu ilikosa skrubu moja tu ili mlango ubane. Chanjo zenyewe zilikuwa zinaletwa Jumatatu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika kumi.

Mama Ernestine alikuwa ameshamkalisha shangazi yake kwenye kiti na kumwangalia jino. Alininyooshea tochi bila kugeuka. Niliishika, nikaangalia skrubu, nikaangalia baiskeli mlangoni.

"Nitaikaza kesho," nilisema. "Kwa utulivu."

"Na gari la asubuhi?"

"La Jumamosi pia lipo."

Alitikisa kichwa kwa huruma ya kiuguzi. "Basi kesho ubebe gunia la majani makavu. Kwa macho ni mzigo. Watu hawataogopa."

"Majani ya nini?" Muzee Libérat alisema kutoka dirishani. "Niko na godoro la shemeji yangu. Linapaswa kupanda kwanza, halafu ushushe lile la zamani. Godoro haina kilo."

Nilifungua daftari. Chini ya njia ya tatu niliandika: godoro, mgongoni, kamba mbili. Kisha niliweka skrubu ya nne ndani ya kifuniko cha chupa, isipotee, nikazima tochi.