Mkeka wa Baba Yake Paul

Vita vile vya visiwa vya Falkland, mwaka 1982, havikumhusu mtu yeyote mjini Bunia, Zaire, isipokuwa wanawake wawili: Mademoiselle, mkunga Mwingereza wa misheni, na Kaswera, muuza maharagwe. Kaswera hakuwa Mwingereza, Mungu shahidi. Alikuwa Munande wa Butembo. Lakini Paul, mtoto wa kaka yake Mademoiselle, aliwahi kuletwa kwa shangazi yake akiwa mdogo, mama yake alipougua, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Kaswera. Alikula ugali sahani moja na Kule, mwana wa Kaswera. Sasa Kule alikwisha kufa katika vita vya jimbo la Shaba, hata kaburi mama yake hakuonyeshwa, na Paul alikuwa kwenye meli ya kivita. Kaswera alichoka kungoja watoto warudi kutoka vitani. Hata hivyo alingoja.

Kila jioni alitega sikio kwenye redio, idhaa ya Kiswahili ya kutoka London. Ndivyo alivyoyajua mambo ya Waingereza kuliko ya mtaa wake. Alijua kwamba serikali yao ilikuwa imechukiwa, viwanda vinafungwa, wanaume wazima wanashinda nyumbani wamekunja mikono. Kiwanda cha baba yake Paul nacho kilifungwa, na ndiyo maana kijana akaenda kutafuta mshahara melini. Kisha vita vikaja, na wale wale waliokuwa wakiilaani serikali wakaanza kuishangilia. Kaswera aliyasikia hayo akichambua maharagwe, akasonya.

Siku redio iliposema Waingereza wameshinda, hakungoja kuambiwa mara mbili. Kwa Mademoiselle hakikuwa kimesikika kilio, na kwao Kaswera nyumba iliyofiwa husikika kabla hujafika mlangoni. Kimya maana yake mtoto mzima. Alimpika kuku, akawakusanya Viviane, Léontine na wanawake wengine wa kwaya, wakaenda misheni wakiimba, wakicheza na kupiga makofi.

Mademoiselle alifungua mlango, nywele zimechanwa vizuri. Aliwaacha waimbe mpaka mwisho, akawamiminia chai. Ndipo akamwambia Kaswera, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Paul alikufa, Mama Kule. Meli yake iliungua mwezi ilipita. Balinijulisha kwa phonie, ile redio ya kusemea ya misheni."

Wanawake wakashusha vikombe. Kaswera aliona aibu, na aibu ikamgeukia kuwa hasira.

"Na haukulia?"

"Nililia. Mu chumba, mulango ya kufunga."

"Basi siye tumecheza kwa matanga ya mutoto wetu. Juu ya nini haukutuambia?"

Mademoiselle aliketi. "Kwetu pia banacheza," alisema. "Bendera kila barabara. Hata kaka yangu. Alikuwa anachukia ile serikali sana, ilimupotezea kazi. Sasa muke yake anasema ametundika bendera kwa dirisha, na atabapigia kura. Nilimuandikia kwamba vita ile ni ya bure. Tangu pale amenyamaza."

Kaswera aliikumbuka siku walipoitwa uwanjani kushangilia ushindi wa Shaba, wamevaa vitenge vya chama. Hakuwahi kumwambia mtu yaliyompata siku ile.

"Kaka yako usimukasirikie," alisema. "Miye nilicheza kushinda bote. Kule alikuwa amekufa, na nilicheza mpaka miguu ikavimba. Niliwaza, kama hii haiko ushindi, basi mutoto yangu alikufia nini?"

Kaswera aliinuka, akasukuma meza ukutani, akatandika mikeka sakafuni. Alimshika Mademoiselle mkono, akamketisha chini kama afanyiwavyo mfiwa. Léontine akaenda kuzima moto jikoni, kwa sababu mfiwa hapiki, na kuku wa sherehe akawa chakula cha matanga. Kisha Kaswera akaanza kulia akimtaja Paul. Katikati ya kilio akamtaja Kule, na hapo nguvu zikamwishia, maana Kule hakuwahi kukaliwa matanga. Mademoiselle akalia naye kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Mkeka mmoja ulibaki mtupu pembeni. Kaswera alisema ni wa baba yake Paul, siku atakapotaka kulia.

Mwaka uliofuata redio ilitangaza kwamba serikali ile ya Waingereza imeshinda uchaguzi, tena kwa kishindo. Kaswera aliacha maharagwe yake, akaenda misheni. Mademoiselle alikuwa ameshaizima redio.

"Kaka yako alijibu?"

"Hapana."

Kaswera aliutazama mkeka mtupu pembeni, akavua ndala zake, akaketi chini.

"Mukeka yake iko palepale," alisema. "Hatutaikunja."