Ndala Chini ya Mkeka

Mimi ni baunsa. Nimesimama kwenye milango ya kumbi za muziki za Brisbane kwa miaka ishirini na mbili, na shingo yangu ni nene kuliko akili yangu, kama asemavyo mke wangu. Vijana walevi wakinitazama wanaona dume, wanapunguza sauti. Siwaambii kitu. Lakini mwezi uliopita tulimzika baba, na sasa hakuna tena wa kunifichia.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa mjinga wa filamu. Kijijini kwetu, kisiwani Savaii, televisheni ilikuwa moja, ya mzee Muliaga, ambaye bintiye alimletea deki ya video kutoka Auckland. Kila Jumamosi mchana tulijazana kwake, wazee mbele, sisi nyuma tumeegemea nguzo. Kwangu mimi filamu zote zilikuwa moja. Mtu mmoja anawachapa watu arobaini, kisha anaondoka polepole, nyumba inalipuka nyuma yake, naye hageuzi hata shingo. Hapo kwenye kutogeuka ndipo nilipopotea. Nilifanya mazoezi. Nilikuwa nikitua mzigo wa magimbi uani na kuondoka nimekaza uso, mpaka mama akauliza, "We Elekana, shingo imekuvunjika?"

Baba hakufanana na mtu yeyote wa kwenye video. Alikuwa mfupi, ana kitambi, magoti mabovu, na kanisani kwaya ikipanda yeye alilia waziwazi, machozi yakimwagikia kitabu cha nyimbo. Nilimwonea aibu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Pesamino alikuwa rafiki yangu kutoka kijiji cha pili. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo usiolala. Jumamosi moja tulitoka kwa Muliaga tukapita uwanja wa kriketi, wasichana wako pale wanacheza, nami nikaanza kutembea kwa mwendo wangu wa filamu. Pesamino akanifuata nyuma, akaniiga hatua kwa hatua, kifua mbele, makalio nyuma.

"Jamani, mpisheni nyota wa sinema!" alipiga kelele. "Mwendo wa bata aliyeshiba! Elekana, mwanangu, nani kakuwekea pasi kwenye kaptula?"

Wasichana walicheka mpaka mmoja akaangusha gongo. Ni hilo tu. Hakunitukania mama, hakunichukulia mpenzi. Alinifanya kichekesho mbele za watu, na mimi nikageuka nikampiga ngumi ya taya kwa nguvu zangu zote. Kisha nikaondoka polepole. Nyuma nilisikia kelele, nikasikia jina langu, wala sikugeuza shingo. Nilijisikia mtu kweli kweli.

Kwa hiyo sikuona kwamba alikuwa ameanguka chali kwenye ile sakafu ya saruji katikati ya uwanja, tunapochezea. Sikuona kwamba hakuinuka. Nilikuwa nakula nyumbani pale dada yangu alipoingia akitweta na kusema damu inamtoka Pesamino sikioni na wamempakia kwenye gari la hospitali.

Siku ya pili alikuwa bado hajazinduka. Ndugu zake walikuwa wameshaapa kulipiza. Mama aliinua godoro, akatoa mkeka wetu wa thamani, ule mwembamba kama kitambaa ambao bibi alisuka mwaka mzima, akaukunja bila kuniangalia.

"Alfajiri tunakwenda kuinama mlangoni kwao, kuomba radhi," baba aliniambia.

"Baba, wale watu wana mapanga."

"Ndiyo maana tunakwenda. Wangekuwa na maua tungewasubiri waje."

"Na wakitukata?"

"Watakuwa wametukata tumekaa. Usiseme kitu, usiinuke. Kazi yako ni kukaa tu, Elekana. Hata jiwe linaweza."

Tulikwenda wawili, kungali giza. Baba alibeba kuni na mimi mawe ya tanuri, maana yake ni hii: sisi ni nguruwe wenu, mkitaka tuokeni. Tukakaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yao, pazia za makuti zimeteremshwa pande zote. Baba akatufunika mkeka. Mle ndani nilisikia pumzi yangu na yake, na harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka kama mtu anayekwenda ibadani.

Kaka yake Pesamino, Fetu, ndiye aliyeamka kwanza. Tulisikia miguu yake ikishuka.

"Nani humo?" alisema. "Yumo yule wa sinema? Ninyi subirini hapo hapo."

Akarudi ndani. Baadaye kidogo nikasikia panga likipita kwenye jiwe la kunolea. Halikwenda haraka. Lilipita, likanyamaza, likapita tena. Mkono wa baba ukanitafuta gizani, ukanishika kifundo.

"Kaa, mwanangu," alinong'ona. "Kaa tu."

Niliponyoka. Nilitambaa nikatokea nyuma ya mkeka na kutimua mbio, na safari hii pia sikugeuza shingo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa mwoga, lakini kilio kilikuwa changu, kwenye migomba ya jirani, nimejitia ngumi mdomoni nisisikike.

Kutoka kwenye migomba niliona kila kitu. Fetu alitoka na panga, akazunguka mkeka mara tatu, akitukana. Mkeka haukutikisika. Jua likapanda. Saa mbili, saa tatu. Halafu mkeka ukaanza kutetemeka upande mmoja, nikajua ni magoti ya baba. Kutoka pale nilipokuwa ni hatua thelathini. Ningeweza kwenda, nikaingia tena, nikakaa. Nilizihesabu zile hatua, lakini sikuzitembea.

Mwishowe bibi yao, Sieni, alitoka na fimbo yake. Alimwambia Fetu, "Weka hicho kisu, ukapasue kuni." Akainama mwenyewe, akaufunua mkeka.

"Uko peke yako, mzee?"

"Peke yangu, mama. Kijana alitaka kuja. Mimi nilimkataza."

Bibi aliangalia nyasi zilizolala ubavuni mwa baba. Akaokota kitu kwa ncha ya fimbo. Ilikuwa ndala yangu, ya bluu, kamba imefungwa waya.

"Na hii?"

Baba yangu alikuwa shemasi. Sijawahi kumsikia akidanganya hata juu ya kuku.

"Yangu," alisema.

Bibi aliitazama ndala, akaitazama miguu ya baba, midogo kama ya mtoto wa shule. "Una mguu mkubwa, mzee," alisema, kisha akamshika mkono kumwinua na kumwingiza ndani akale.

Baba alirudi adhuhuri, akichechemea, na furushi la jani la mgomba. Aliliweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na nyama ya nguruwe, magimbi mawili, na ndala, imeoshwa.

"Bibi kasema, mpe aliyebaki nyumbani," alisema. Akaenda kulala. Hakuligusia tena jambo hilo maisha yake yote, na watu wakiuliza alirudia uongo ule ule: nilimkataza.

Pesamino alizinduka Alhamisi. Sikio la kushoto lilikufa. Hakunitania tena hata siku moja. Angenitania ningepona.

Mwezi uliopita alikuja kwenye mazishi, mvi tupu, na akashika jeneza la baba pamoja nasi. Nilitembea ubavuni mwake kutoka kanisani mpaka kaburini. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kuungama kwa miaka thelathini na zaidi, na njiani niliyasema yote, tangu ngumi mpaka ndala, kwa sauti ya kawaida. Aliendelea kutembea, akitazama mbele.

Nilikuwa upande wake wa kushoto. Nilijua ni upande gani nilipouchagua.