Mafundo ya Stamili

Jumatatu moja ya mwaka 1955, Stamili alipanda bomani Newala na kamba zake kikapuni, tatu, zimefungwa kwenye fremu ya mwanzi. Kwa hizo alihesabu zamu za maji za wanawake wa Mkunya: kila ndoo fundo moja, na fundo la kumi lilipokaza, kamba ya kwanza ilifunguka yenyewe na kuivuta ya pili ijifunge. Bwana Cuthbert, mhandisi, alizitazama siku mbili pale kisimani, akachora, akarudi na mashine ya waya ya kuhesabia. Sasa alitaka hati ya kuimiliki mbinu hiyo, na afisa wa serikali alikuja kupima kama kuna kilichoitangulia. Hati ikitoka, Stamili asingeruhusiwa kuhesabu hata ndoo moja kwa kamba zake bila kibali.

Alileta mashahidi wawili. Mjomba wake Fakihi, aliyekufa mwaka wa njaa, aliingia na kamba aliyohesabia siku za safari ya Lindi kwa mafundo. Babu yake Bwanali, aliyekufa zamani zaidi, alileta mtego wa kanga, ambao kamba moja ikivutwa hufyatua nyingine. Karani Filemoni aliwaamkia shikamoo, akawapangusa udongo, akaandika majina yao. Marehemu walilalamikia mlima tu.

Afisa alipima kwa rula. Ya Fakihi yahesabu lakini haivuti, alisema. Mtego wavuta lakini hauhesabu. Kuviunganisha si jambo ambalo fundi wa kawaida angeliona. Kwa hiyo uvumbuzi ni halali, na ni wa Bwana Cuthbert.

"Basi mimi niliyeviunganisha miaka tisa iliyopita ni nani?" Stamili aliuliza.

"Yako haikuandikwa popote, mama."

Mwizi akipewa mhuri huitwa mvumbuzi. Babu Bwanali alitema mate sakafuni, Filemoni akayafuta, na askari akachukua kamba za Stamili.

Wiki hiyo, zamu zilipokosa wa kuzihesabu, wanawake walipigana kisimani, na mmoja wao, Anjelina, akavunjika mkono. Stamili akarudi bomani kuomba kibali cha kuhesabu tena. Marehemu walikuwa bado benchini. Watu waliwasalimu na kuketi kando yao. Filemoni alimjazia fomu mpaka ikabaki nafasi moja: mwombaji alifundishwa na nani?

Stamili aliwatazama wazee wake.

"Mama," Filemoni alisema, macho yakiwa kwenye karatasi, "nikiandika ukweli, kibali hakitoki."

Kisimani watu walikuwa wanasubiri. Stamili akabonyeza dole gumba chini ya jina la Bwana Cuthbert.