Ada ya Mlangoni kwa Silvanus

Mwaka huo korosho ziliuzwa kwa bei ya kutia huruma, na watu wa Ruangwa wakajifunza kupita mbele ya migahawa wakiangalia upande wa pili. Mimi kisamvu changu cha kutoka Malolo nilikuwa namuuzia mtu mmoja tu, Silvanus, mwenye mgahawa karibu na stendi. Mke wake, Dorotea, anakipika kwa karanga mpaka unasahau umekuja mjini kufanya nini.

Sasa Silvanus alikwenda Nachingwea kuzika, akarudi na wazo la mashine ya kadi. Aliiona kwenye duka la huko, akasema na yeye watumishi wa halmashauri watamlipa kwa kadi. Kweli wakamlipa. Lakini kila kadi ikipita, benki inamega kidogo. Alipochoka kunung'unika akaongeza shilingi mia mbili kwenye kila sahani, akaiita ada ya mashine. Hata mimi, ninayelipa kwa noti niliyoifunga kwenye pindo la kanga, nikawa nalipia mashine ambayo sijawahi kuigusa.

Wakulima na madereva wa bodaboda wakahamia kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Sufuria la Dorotea likawa linalala na kisamvu chake. Akaniambia kwa aibu nipunguze furushi, na hali ikiendelea hivyo nisilete kabisa. Nikarudi Malolo nikijiuliza nani mwingine atanunua majani ya muhogo mahali ambapo kila mtu ana mihogo yake.

Bahati nzuri Silvanus ni mtani wangu. Ukoo wao na wetu wanataniana tangu enzi za babu zetu. Tukifiwa, wao ndio wanaokuja kumcheka marehemu wetu. Na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika mbele za watu, unatoa kuku.

Siku ya soko nikafika mapema, nikaweka kigoda kwenye mlango wa jikoni, bakuli mapajani. Sahani ikitoka, namega. Hapa kipande cha samaki, pale bawa la kuku. Dorotea aliniona, akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Bashiri, afisa wa halmashauri, alinyanyua samaki wake asiye na mkia akauliza kama alivuliwa hivyo. Silvanus akaja mbio.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakata ada ya mlango, mjukuu wangu."

"Mlango ni wangu."

"Na mashine ni yako. Mimi siitumii na nailipia. Hawa nao hawautumii mlango wa jikoni, basi wachangie."

Mgahawa ukacheka. Silvanus akaeleza, jasho linamtoka, kwamba yeye si mwizi, benki inamkata na yeye anaumia. Nikamwambia najua anaumia, ndiyo maana nachukua vipande vidogo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Mtu mmoja huko nyuma akauliza kuku atakuwa jogoo au tetea.

Silvanus akaangalia meza zilizo tupu, akaangalia bakuli langu, akameza hasira yake kama dawa.

"Mwenye noti asilipe ada," akasema. "Mwenye kadi ailipie mwenyewe."

Aliyenuna sasa ni Bashiri. Noti hana, akienda kwa wakala kutoa pesa, huko nako kuna makato, na mshahara ni uleule wakati mchele umepanda. Nikamwonea huruma. Nikamwambia anirushie kwenye simu, nimpe noti mkononi.

"Ila uweke na ya kutolea," nikaongeza.

"Bibi, na wewe?"

"Basi acha. Nipe kichwa cha samaki."

Madereva wa bodaboda wamerudi, na Dorotea ananiagiza furushi zima. Kila siku ya soko nakaa kwenye kigoda changu na noti zangu, maafisa wananiletea vichwa vya samaki.

Juzi Silvanus alipita, akainama kwenye bakuli langu, akachukua kichwa kikubwa kuliko vyote. Akaanza kutafuna macho huku ananitazama. Ada ya kigoda, anasema. Mgahawa mzima ukanigeukia, wananisubiri mimi.

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Tetea ninaye mmoja tu, na anataga.